Amwombea uhai aliyempiga risasi: msamaha wa Bhuiyan na mipaka yake

Mtu aliyeingia dukani alikuwa na bunduki, kwa hiyo Rais Bhuiyan (Rais hapa ni jina, si cheo) alitoa fedha za mauzo akaziweka juu ya kaunta. Alidhani ni ujambazi. Yule mtu hakuzigusa. Alimuuliza, "Unatoka wapi?" na jibu halijatoka, akamfyatulia usoni. Bhuiyan husimulia kwamba alihisi kama nyuki milioni moja wamemuuma kwa pamoja.

Hiyo ilikuwa Dallas, Texas, tarehe 21 Septemba 2001, siku kumi tu baada ya mashambulizi ya New York na Washington. Mark Stroman alikuwa akiwawinda watu aliowadhania Waarabu. Alimuua Waqar Hasan, Mpakistani, na baadaye Vasudev Patel, Mhindi ambaye hata Mwislamu hakuwa. Bhuiyan, mhamiaji kutoka Bangladesh, alipigwa katikati ya vifo hivyo viwili. Alipona, lakini jicho la kulia halioni, na gololi za risasi zaidi ya 35 zimebaki usoni mwake.

Stroman alihukumiwa kifo. Bhuiyan akabaki na madeni ya hospitali na maisha ya kuanza upya. Mwaka 2009 alikwenda Hija na mama yake, na aliporudi aliona kumsamehe Stroman moyoni hakutoshi wakati mtu mwenyewe anasubiri kuuawa. Akaanza kampeni ya kuomba asiuawe. Akafika hadi kumshtaki Gavana wa Texas, Rick Perry, akidai haki yake kama mwathirika ya kukutanishwa na Stroman kwa upatanishi. Mahakama ikamkatalia. Tarehe 20 Julai 2011 Stroman alidungwa sindano ya sumu. Siku hiyo hiyo waliongea kwa simu kwa muda mfupi sana. Bhuiyan alimwambia amemsamehe, na Stroman, aliyewahi kujisifia mauaji yale, akamwambia anampenda. Katika maneno yake ya mwisho alisema chuki lazima ikome.

Wanaotetea njia ya Bhuiyan huanzia hapo, na wana haki. Hukumu ilimfunga Stroman mikono, lakini kilichomlainisha ni kusikia kwamba mtu aliyemharibu uso anamwombea uhai. Kwa Mwislamu kama Bhuiyan, njia hiyo ina mizizi: Surat Shura, aya ya 40, inampa aliyedhulumiwa ruhusa ya kulipa mfano wa alichotendewa, kisha inamtaja anayesamehe na kusuluhisha kwamba ujira wake uko kwa Mwenyezi Mungu. Milango yote miwili iko wazi. Watu wanaoinukuu aya hii kumshinikiza aliyeumia huruka nusu yake ya kwanza.

Hoja nzito dhidi ya Bhuiyan ni hii: Stroman alihukumiwa kwa damu ya Patel. Bhuiyan anaweza kusamehe uso wake, lakini nani amempa mamlaka ya kusamehe kaburi la mwenzake? Alilijua hilo, akawafuata ndugu wa marehemu, na baadhi yao wakamuunga mkono. Hata hivyo swali halijafutika, wala sidhani linafutika.

Kuna na jambo jingine linaloniuma zaidi. Juni 2015, kijana mbaguzi aliua watu weusi tisa kanisani Charleston, South Carolina. Siku mbili tu baadaye, mahakamani, baadhi ya ndugu walitamka kwamba wamemsamehe. Taifa likawamwagia sifa. Watu weusi wengi wakauliza kwa nini msamaha wao unasubiriwa haraka hivyo, hata maiti hazijazikwa. Sisi tunaujua mchezo huo kwa jina la "yaishe". Wazee wanaketi, aliyeumizwa anaambiwa asikuze mambo, na akikataa yeye ndiye anaonekana mkorofi.

Kule Christchurch, New Zealand, ambako watu 51 waliuawa misikitini Machi 2019, mama mmoja aliyempoteza mwanawe alimwambia muuaji mahakamani kwamba amemsamehe. Katika kesi hiyo hiyo, baba mwenye asili ya Somalia, aliyeuliwa mtoto wa miaka mitatu, alimwambia hatamsamehe kamwe. Siwezi kumwambia baba yule kwamba mama yule amemzidi imani.

Kwa nini basi nasimama na Bhuiyan? Kwa sababu msamaha wake haufanani na "yaishe". Ulichukua miaka kuiva, na hakuna aliyemsukuma. Hakuomba Stroman aachiwe. Aliomba abaki gerezani akiwa hai. Na badala ya kuwataka wanyonge wenzake wanyamaze, aliibebesha serikali madai, akaipeleka mahakamani. Shirika aliloanzisha, World Without Hate, linaendeleza kazi hiyo ya kufundisha huruma. Haitoshi peke yake kwa nchi ambayo bunduki ni rahisi kupata, lakini ni kazi, si hotuba ya siku moja.

Stroman alipokufa, Bhuiyan aliwasiliana na binti wa marehemu. Alimwambia amempoteza baba, lakini amempata ami.