Kibarua akiumwa na nyigu, mwenye shamba asikae pembeni

Huku kusini mwa Tanzania, miezi ya kupulizia salfa (dawa ya ukungu wa mikorosho) na kufyeka chini ya mikorosho ndiyo miezi ya kuumwa na nyigu. Kiota kinaning'inia ndani ya matawi, kimefunikwa na majani, na mwenye panga hakioni mpaka ameshakigusa. Kwa mashine ya kupulizia ni hatari zaidi, maana mtikisiko wake huwachokoza hata nyigu ambao wangekuacha upite. Nyuki akikuchoma huacha mwiba wake na kufa. Nyigu mwiba wake haunasi, anachoma na kuchomoa, kisha anachoma tena.

Kinachoniudhi ni namna tunavyolichukulia jambo hili. Kibarua anavimba uso mpaka macho hayafunguki, tunasema "pole, ndiyo kazi", naye anarudi nyumbani bila ujira wa siku ile. Angekatwa na msumeno tungeiita ajali kazini. Tanzania Bara tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Lakini kibarua anayelipwa kwa ekari jina lake halijaandikwa popote, basi maumivu yanabaki kuwa yake peke yake. Hiyo ni dhuluma, na sisi wenye mashamba ndio tunaoifanya.

Mwenye shamba azunguke mti kwa mti kabla vibarua hawajaingia, afunge kitambaa chekundu penye kiota. Kilicho juu, mbali na njia, akiache. Nyigu hukamata viwavi na kuwalisha watoto wao. Kama tunawavumilia majimoto, wale chungu wekundu wa mitini, kwa sababu wanatuondolea mbu wa mikorosho, wadudu wanaofyonza machipukizi, hawa nao tunaweza kuwavumilia. Kilicho usawa wa kazi kiondolewe giza likishaingia, nyigu wakiwa wametulia kiotani, na anayekiondoa avae mikono mirefu na kufunika uso na shingo. Maji yenye sabuni nyingi, yakirushwa kwa bomba la mgongoni, yanawaua kwa kuwaziba matundu ya kupumulia. Kienge cha moto sikikubali hata kidogo. Mtu amepanda mti, mkono mmoja una moto, chini kumetandaa majani makavu, na nyigu wanamjia usoni!

Wengi wakiumwa watavimba, watawashwa, na baada ya siku chache yataisha. Osha kwa maji na sabuni, weka kitu cha baridi, vua pete mapema. Ila yupo ambaye mchomo mmoja tu unamgeuza mwili mzima: vipele vinatoka mbali na alipoumwa, midomo na ulimi vinavimba, sauti inakwama, anatapika, anaona kizunguzungu. Haya yanaweza kutokea ndani ya dakika chache. Hapo vitunguu na mafuta ya taa ni kupoteza muda, na vidonge vya mzio peke yake havitoshi. Anahitaji sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, upande wa nje, haraka iwezekanavyo.

Mlaze chini, miguu juu. Akishindwa kupumua vizuri, aketi huku amenyoosha miguu. Asisimame wala kutembea. Ndiyo maana bodaboda inanitia hofu: presha ikishashuka, kumkalisha wima kwenye pikipiki kunaweza kumuua njiani. Tafuta gari, hata pikapu ya jirani, alale. Mwenye shamba awe ameshauliza mapema zahanati ipi ya karibu ina adrenalini, awe na namba ya simu ya mwenye gari, na amuulize kila kibarua kama aliwahi kudhurika alipoumwa na nyuki au nyigu. Aliyewahi asipewe kazi ya kufyeka wala kupulizia. Apewe nyingine, kwa malipo yale yale.

Aliyechomwa mara nyingi kwa pamoja afikishwe hospitali hata akisema amepata nafuu, kwa sababu sumu ikizidi huharibu misuli na figo, na dalili zinaweza kuchelewa. Mkojo ukipungua au ukawa na rangi ya chai ya rangi, asisubiri kesho. Nauli ya safari hiyo, vipimo, na ujira wa siku atakazolala vyote vitoke mfukoni mwa mwenye mikorosho.