Mlango wa Kushoto Usiosoma Kitu

Laptopu yangu ina milango mitatu ya USB: miwili kulia, mmoja kushoto. Hesabu hiyo naomba uishike.

Miwili ya kulia ilishapata wapangaji wa kudumu. Mmoja wa kipanya, mwingine wa kibodi ya nje, kwa sababu kibodi ya laptopu yenyewe ilimwagikiwa maji na tangu siku hiyo herufi A na E zimekufa. Kama unadhani ni jambo dogo, jaribu kuandika "mama" bila A. Unabaki unaguna tu: mm.

Mpwa wangu ndiye aliyenitoa Windows akaniweka Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, akiniapia kwamba mashine itafufuka. Ikafufuka kweli. Siku ya tatu nikachomeka flashi mlango wa kushoto, nihamishe picha. Kimya.

Sasa nikuambie kitu kuhusu mlango ule: ulikuwa mstaarabu. Ile ya kulia, kama milango yote ya USB niliyowahi kukutana nayo, ukichomeka inagoma, ukigeuza inagoma, ukirudisha vilevile ulivyoanza inakubali. Huu wa kushoto uliipokea flashi mara ya kwanza bila ubishi, juu chini, chini juu, kwake yote sawa. Nikausifu kwa sauti. Nikasema aliyeutengeneza huu ana huruma na binadamu.

Ila haukusoma. Flashi hiyohiyo nikaipeleka kulia, ikasoma papo hapo. Mwenye akili timamu angechomoa kipanya, akahamisha picha zake, akalala. Mimi nilishaona dhuluma. Milango mitatu ni yangu, kwa nini nitumie miwili? Nikampigia mpwa.

"Mjomba, fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika lsusb ikuorodheshee vitu vya USB, kisha uniambie unaona nini."

Nikaandika. Nikasoma. Nikashusha sauti.

"Kuna watu humu ndani."

"Watu gani?"

"Wanajiita Linux Foundation. Tena wapo mara mbili, mmoja 2.0 root hub, mwingine 3.0 root hub. Mimi sijachomeka kitu chochote cha hao watu."

Alicheka mpaka nikadhani simu imeharibika. Alipotulia akanieleza kwamba root hub ni kituo cha ndani ambamo milango yote ya USB inapitia, na mfumo wenyewe ndio unaoiorodhesha kwa jina hilo, hata usipochomeka kitu. Nikamwambia nimeelewa. Usiku ule niliikagua laptopu kwa tochi, chini na pembeni.

Kesho yake tukaingia kwenye sudo dmesg -w, ambapo kerneli, yaani kiini cha mfumo, inasimulia kila kinachotokea muda huohuo. Kwanza nilipoteza dakika kumi kwenye nywila inayodaiwa na sudo, maana unapoiandika hakuna hata nyota moja inayotokea. Nikajua kibodi ya nje nayo imekufa. Kumbe haijafa, ni siri tu.

Nikachomeka flashi kulia: mistari ikamwagika, new USB device found, sijui nini, sijui nini. Nikachomeka kushoto: hakuna kitu.

"Hata kosa?" mpwa akauliza.

"Hata kosa."

"Ajabu. Mlango mbovu kwa kawaida unalalamika, unaona error -71, au device descriptor read. Huu haulalamiki kabisa?"

"Haulalamiki," nikasema, na nakiri niliona fahari kidogo.

Sitasimulia siku nzima niliyoipoteza kwenye autosuspend. Nilisoma kwamba Linux inaweza kukilaza kifaa cha USB kikikaa sekunde 2 bila kazi, nikaizima, mlango ukaendelea kunyamaza.

Ndipo mpwa akanitumia amri mbili kwa ujumbe: ya kwanza inaing'oa draiva ya USB, yaani programu inayoiendesha, ya pili inairudisha. Alikuwa ameziandika kwenye mstari mmoja na kuweka && katikati, ili ya pili ifuate yenyewe baada ya ile ya kwanza. Mimi nikaona hizo && ni kidole kimeteleza. Nikaandika ya kwanza peke yake, kwa utaratibu, mtu mzima mwenye subira:

sudo modprobe -r xhci_pci

Enter.

Taa ya kipanya ikazimika. Nikaanza kuandika amri ya pili, skrini haikujibu. Nikabonyeza kwa nguvu zaidi. Ndipo ikanijia polepole, kama maji ya baridi mgongoni, kwamba kibodi ninayoibonyeza ni ya USB, na USB nimeing'oa mwenyewe sasa hivi.

Nikahamia kibodi ya laptopu, ile ya guna. sudo ikaandikika vizuri. modprob ikaandikika. E ikakataa. Nikafikiria reboot, ya kuwasha upya: ina E. Poweroff, ya kuzima: ina E. Katika amri zote nilizokuwa nazijua, moja tu haikuwa na A wala E, nayo ni lsusb. Nikaiandika. Haikurudisha hata mstari mmoja. Hata wale Linux Foundation walikuwa wameondoka.

(Mpwa aliniambia baadaye kwamba ningebonyeza mshale wa juu, amri ya mwanzo ingerudi yenyewe, nifute tu ile -r inayong'oa. Aliniambia kwa upole, na ndiyo maana iliuma.)

Nikashikilia kitufe cha kuwashia mpaka mashine ikazimika, nikaiwasha tena. Kila kitu kikarudi, isipokuwa mlango wa kushoto, ambao haukuwa na pa kurudi.

Jumamosi mpwa akaja mwenyewe. Hakugusa hata kibodi. Aliigeuza laptopu, akainama, akachungulia.

"Mjomba. Flashi ulikuwa unachomeka hapa?"

"Hapo hapo."

Akakaa kimya muda mrefu kuliko dmesg.

"Huu ni mlango wa waya wa mtandao."

Nikachungulia na mimi. Vijiwaya vinane vya rangi ya dhahabu vimejipanga ndani, vimekuwepo miaka yote. Upana wake unakaribiana na kichwa cha USB kiasi kwamba flashi inaingia na kukaa kama iko kwake.

Nikaenda kwenye droo, nikatoa waya uliokuja na ruta, ambao siku zote nilidhani ni wa simu ya mezani. Mpwa akachomeka upande mmoja kwenye ruta, mwingine kushoto. Kwenye terminali, mstari mmoja ukatokea: Link is Up, yaani waya umeunganika.

Picha tulizihamisha kwa kuchomoa kipanya. Ilichukua dakika mbili.