Sebuleni Mvamizi, Chumbani Mwananchi

Siku hizi nikiulizwa nakaa wapi sitaji mtaa. Nasema nakaa kati ya mita 20 na mita 31 kutoka katikati ya lami. Ndivyo walivyonifundisha wale vijana wa vizibao vya rangi ya embe bivu, waliokuja na kamera yao ya miguu mitatu, wakafumba jicho moja, wakaniambia, "Mzee, hapa inakuja flaiova."

Nilifurahi, nisiseme uongo. Njia panda yetu, saa kumi na mbili jioni, unaweza kushuka kwenye daladala, ukanunua mihogo ya kukaanga, ukaila, ukanawa, ukapanda daladala ileile palepale. Taa zikiwaka kijani trafiki anakuambia simama, zikiwaka nyekundu anakuambia pita. Wenzetu wa Tazara tuliwaona wakipata daraja lao 2018, wa Ubungo nao 2021 wakapata la ngazi tatu, tukasema na sisi zamu yetu imefika. Nikamwambia mama Tatu, "Mke wangu, tutakunywa chai ya jioni tukiangalia magari yanapita juu."

Akaniuliza, "Juu ya nini?"

Huyu mwanamke maswali yake huja mapema mno.

Wiki iliyofuata wakaja wa kopo la rangi. Zamani hifadhi ya barabara kuu ilikuwa mita 22.5 kila upande. Sheria ya Barabara ya 2007 ikaisukuma hadi mita 30. Aliye ndani ya zile za zamani ni mvamizi, anachorwa X nyekundu na fidia asahau. Aliyefuatwa na zile mita saba na nusu mpya ni mwananchi wa haki, anachorwa X ya kijani, atalipwa. Mstari wenyewe, kwa bahati yangu, unapita ndani ya nyumba, pale kwenye pazia kati ya sebule na chumba. Kwa hiyo nikiwa sebuleni natazama taarifa ya habari, mimi ni mvamizi. Nikienda kulala nakuwa raia mwema. Choo kiko mita 31, hakina X ya aina yoyote. Kwa maana nyingine, daraja likija nitabaki na choo, chenye mandhari nzuri ya barabara.

Na hizo X wamechora bila kuangalia. Ukutani nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa NYUMBA HII HAIUZWI, kwa sababu ya mdogo wangu mmoja ambaye akiishiwa hukumbuka urithi. X ikaangukia kwenye "HA". Sasa inasomeka NYUMBA HII IUZWI. Madalali watatu wameshasimamisha bodaboda kuniuliza kama nilikusudia "iuzwe".

Tukaitwa kwenye mkutano, ofisi ya serikali ya mtaa, tukae kwenye viti vya plastiki tushirikishwe. Injinia akaning'iniza picha ya daraja litakavyokuwa. Picha nzuri, haki ya Mungu! Nyasi za kijani, gari nne tu barabara nzima, mzungu anatembeza mbwa. Hakuna daladala, hakuna bodaboda, mama ntilie hata mmoja hayumo. Nikatafuta nyumba yangu kwenye ile picha nikakuta mti. Nikanyoosha mkono, "Mheshimiwa, huu mti ni mimi?" Watu wakacheka, yeye akaandika. Nadhani ndiyo iliyoingia kwenye taarifa kwamba wananchi tumeshirikishwa.

Bibi mmoja akauliza tutavukaje kwenda msikitini, ambao uko ng'ambo. Akajibiwa litakuwepo daraja la waenda kwa miguu, kule mbele karibu na kituo kinachofuata. Bibi akahesabu kwa vidole, akasema, "Basi kwa adhuhuri nitakuwa naondoka nyumbani baada ya alfajiri."

Halafu akaja mthamini. Huyo mtu mstaarabu, akakaa kwenye mkeka, akatueleza haki zetu moja baada ya nyingine. Mbali na thamani ya nyumba kuna posho ya usumbufu, kuna posho ya makazi, yaani pango la miezi 36, na kuna gharama za kuhamisha mizigo tani 12 hadi kilomita 20. Tani kumi na mbili! Mimi nina kitanda, kochi moja na nusu, cherehani, na kabati ambalo mlango wake unafungwa kwa kamba. Hata nikimpakia mama mkwe na magunia yake ya mkaa hatufiki tani mbili. Nikauliza kama zile kumi zinazobaki naweza kupewa mkononi. Akafunga kalamu.

Aliponipiga picha nimeshika kibao chenye namba yangu, kama mtuhumiwa, akaniambia, "Kuanzia leo usiendeleze chochote." Nikaitika. Kumbe nilikuwa nimeapa. Mwaka wa nne huu bati linavuja juu ya kitanda, na kila nikiegemeza ngazi majirani wananionya kwamba ukarabati huo hautalipwa. Mama Tatu anatega ndoo. Mvua za masika tunalala kwa zamu, na ndoo ina nafasi yake katikati yetu kama mtoto wa mwisho.

Mpangaji wangu, wa kile chumba cha uani, naye ameacha kulipa kodi. Anasema anamsubiri mwenye nyumba mpya. Nikamuuliza nani, akanyoosha kidole barabarani.

Ndugu ndio msiseme. Habari za fidia zilifika Korogwe kabla fomu haijakauka wino. Binamu ambaye hakuja kwenye msiba wa baba alinipigia saa kumi na moja alfajiri kunijulia hali ya mguu. Mguu wangu ulivunjika 2009.

Jirani yangu wa kushoto yeye ni mjanja, au anadhani. Usiku wa kuamkia uthamini alipanda mipapai arobaini kwenye kiwanja cha kutosha mipapai sita, akaongeza na kaburi, lenye saruji mbichi, la babu yake ambaye sisi sote tunajua yuko Mkuranga anauza nazi. Mthamini alisimama mbele ya kaburi, akainamisha kichwa kwa heshima, akaligusa kwa kidole, akajifuta kidole.

Sasa hesabu za uthamini nazo huchacha. Miaka miwili ikipita hujalipwa, kazi inaanza upya. Ndiyo maana juzi vijana wa vizibao wamerudi, mara hii na mtambo mpya unaozungumza na satelaiti. Wakaulizia kigingi chao cha chuma, kile walichokipigilia zamani pembeni ya sebule yangu.

Hapo ndipo jasho lilinitoka. Mimi kwa miaka yote hii, ile chuma nzuri imesimama tu, namfungia mbuzi. Na mbuzi mwenyewe beberu, kila akiona ile mipapai ya jirani anavuta. Mwaka juzi aling'oa kigingi akaenda nacho mpaka kaburini. Watoto walikipigilia hukohuko kwa jiwe, na mimi nilikuwa nimechoka, nikasema nitakirudisha kesho.

Kijana akatazama mtambo, akatazama kigingi, akatazama ramani, akaizungusha ramani. Akamwita mwenzake. Wakapima tena kwa futi ya mkono.

"Mzee," akaniambia, "mbona barabara imehamia kwa jirani?"

Nikamtazama beberu. Alikuwa anatafuna, taratibu, jani la mpapai.