Santuri ya Gramu 180 na Piano Inayoyumba

Wiki tatu zilizopita nilitoa shilingi 6,500 katika duka moja la hapa katikati ya jiji la Nairobi, nikanunua toleo jipya la santuri ya jazi iliyorekodiwa Marekani miaka ya 1950: piano, besi na ngoma, basi. Jalada lake linapendeza kupindukia, na kibandiko kilichobandikwa juu ya plastiki kinajigamba kwamba santuri ina uzito wa gramu 180, kana kwamba tumekwenda kununua sukari.

Nilipoipiga, kwanza nilidhani sindano yangu imechoka. Noti za piano zilizopaswa kutulia zilikuwa zikiyumba, zikipanda na kushuka kidogo, kisha zikirudia mwendo ule ule kila baada ya muda mfupi. Nikainama nikautazama mkono wa mashine: ulikuwa ukienda kushoto na kulia kama mlevi anayetafuta mlango. Santuri inayozunguka mara 33⅓ kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 1.8, na tundu la katikati likitobolewa pembeni kidogo tu, sindano huipita mifuo, yaani mistari iliyobeba sauti, kwa kasi isiyo sawa. Piano ndiyo husaliti kosa hilo mapema, kwa sababu noti yake ikishapigwa mpigaji hana namna ya kuipinda.

Tundu ningelisamehe, maana huenda nakala ya jirani yake imenyooka. Nisilolisamehe ni sauti yenyewe. Matoazi yanachoma masikio, besi imevimba, na brashi zinazopapasa ngoma zina nguvu sawa na pigo la fimbo. Nina nakala kuukuu ya albamu hiyo hiyo niliyoipata Kenyatta Market kwa shilingi 1,200. Imekwaruzika, na upande wa pili inatatarika kama bisi jikoni, lakini nyuma ya kelele hizo unasikia vidole vikiteleza juu ya nyuzi za besi. Mzee aliyeniuzia, nilipompelekea hii mpya, aliipima mkononi akacheka: “Kijana wangu, hapa umeuziwa sinia.”

Uzito huisaidia santuri isipinde upesi, lakini hauongezi chochote kwenye sauti iliyochongwa ndani yake. Kinachoamua ni chanzo, yaani kama ni kanda ya asili au faili iliyotengenezewa CD, pamoja na sikio la fundi aliyeichonga. Kwenye jalada langu hakuna hata neno moja kuhusu hayo.

Sina ugomvi na dijitali, wala na matoleo mapya. Upande wa kwanza wa Kind of Blue, albamu ya mpiga tarumbeta wa jazi Miles Davis iliyotoka mwaka 1959, ulisikika juu kidogo ya noti zake halisi kwa miongo kadhaa kwa sababu mashine ya kurekodia ilizunguka polepole, kisha kanda ikapigwa kwa kasi ya kawaida, na ni toleo la mwaka 1992 lililosahihisha. Mwaka 2022 nayo kampuni moja ya Marekani iliyosifiwa mno kwa santuri zilizoaminika kutoka kwenye kanda pekee, bila dijitali, ilikiri kwamba ilikuwa ikipitia hatua ya dijitali; kilichowaudhi wanunuzi wengi ni kufichwa, si sauti.

Nilirudi dukani. Walikataa kuipokea kwa kuwa plastiki ilikwisha kutolewa, nami nikawauliza tundu lililokwenda upande husikikaje santuri ikiwa bado ndani ya plastiki.