Kiwanda Kisicho na Wafanyakazi: Kuisoma Picha ya Charles Sheeler

Mwaka 1930 Charles Sheeler alichora kwa rangi ya mafuta kiwanda cha Ford cha River Rouge, karibu na Detroit nchini Marekani, akaiita picha hiyo American Landscape. Huku Lamu, ambako gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa mwaka 2021 baada ya leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe kufutwa mwaka 2019, si rahisi kuitazama bila kuegemea upande: anayesubiri ajira huona neema, na mvuvi ambaye bahari yake imechimbwa huona hasara.

Wanaoiita picha ya sifa wana ushahidi. Sheeler alikodiwa mwaka 1927 kukipiga kiwanda hicho picha za kukitangaza, na mchoro ulitokana na kazi hiyo. Maji ya mfereji yametulia hata majengo yanajitazama ndani yake, mabehewa yamejipanga, na moshi wa dohani unapanda ukachanganyika na mawingu kana kwamba nao ni wingu. Masizi hayaonekani popote.

Wanaoiona kuwa ni lawama huanzia kwa mtu mmoja mdogo penye reli, ambaye macho yakiharakisha yatampita. Kiwanda cha makumi ya maelfu ya wafanyakazi kimebakiwa na mmoja asiye na uso, tena katika mwaka ambao mdororo wa uchumi ulikuwa umeshaanza kuwaachisha watu kazi. Hoja hiyo inavutia, lakini naona inambebesha mchoraji nia isiyo yake, kwani hata maghala ya mashambani ya Pennsylvania aliyachora bila watu.

Hata hivyo, mazoea hayamwondolei mtu dhima. Diego Rivera, mchoraji kutoka Mexico, alikitembelea kiwanda hichohicho mwaka 1932, na kuta alizozichora katika jumba la sanaa la Detroit zimejaa migongo iliyoinama na mikono inayovuta vyuma, ingawa gharama zake zililipwa na Edsel Ford, mwana wa mwenye kiwanda. Basi fedha ya tajiri peke yake haielezi tofauti yao. Sheeler alikipenda kiwanda kwa dhati, akaupenda mpangilio wake kuliko waliokuwa wakiuendesha. Na mapenzi ya namna hiyo, kwangu mimi, yanatisha kuliko lawama yoyote ambayo angeificha ndani ya picha.