Mfilipino Hakosi Kazi, Hukosa Ngazi

Kando ya barabara ya T.M. Kalaw jijini Manila, ubavuni mwa bustani ya Luneta, kuna soko lisilouza nyanya wala mitumba. Wanaume wamesimama chini ya miti, bahasha za vyeti kwapani. Mawakala wanapita katikati yao na vibao shingoni: meli ya mizigo inataka mpishi msaidizi, meli ya mafuta inataka fundi wa injini, nyingine inataka baharia wa sitaha mwenye uzoefu. Kwenye hilo neno "uzoefu" ndipo vijana wanapogonga mwamba. Aliyetoka chuo cha ubaharia jana hajawahi kupanda meli, na asipopanda meli cheti chake hakikamiliki. Basi wengine hujipeleka ofisini kwa wakala wakawa matarishi wa bure: hutumwa chakula, hufagia, hupeleka barua, hata gari la bosi huliosha, miezi na miezi bila mshahara, wakingoja siku jina litakapoitwa.

Nimeanza na hawa kwa sababu, pamoja na dhiki yote hiyo, naona ndio wenye bahati. Nitarudi kwao.

Huku kwetu Ufilipino imegeuzwa kuwa hoja ya kufungia mjadala. Sera ya kupeleka vijana Ghuba ikikosolewa Nairobi au Kampala, mtetezi wake huuliza: mbona Wafilipino wamefanikiwa? Na hesabu zinambeba. Mwaka 2024 fedha ambazo Wafilipino walio nje walituma nyumbani kupitia benki zilikaribia dola bilioni 34.5, zaidi ya asilimia 8 ya pato la taifa. Mwaka uliotangulia, idara ya takwimu ya nchi hiyo ilihesabu wafanyakazi milioni 2.16 walio ughaibuni kwa mikataba, zaidi ya nusu yao wanawake, na nchi inayowapokea wengi kuliko zote ni Saudi Arabia.

Hayo hayakuja kwa kudra tu. Mwaka 1974 Rais Ferdinand Marcos alitoa sheria ya kazi iliyoifanya serikali yenyewe kuwa dalali wa ajira za nje. Ghuba ilikuwa inaogelea kwenye fedha za mafuta, Manila ilikuwa na vijana wasio na kazi na hazina isiyo na dola. Ulikuwa mpango wa kuvukia mto, na hadi leo nchi bado iko juu ya mtumbwi. Mwaka 1988 Rais Corazon Aquino alikwenda Hong Kong akawaita wafanyakazi wa ndani mashujaa wapya wa taifa. Sifa ni nafuu kuliko ajira, na hiyo sifa imedumu.

Lakini tusiwe wepesi wa kubeza. Mwaka 1995 Singapore ilimnyonga Flor Contemplacion, mfanyakazi wa ndani aliyehukumiwa kwa mauaji, na Ufilipino ikawaka. Bunge likapitisha sheria ya kuwalinda wahamiaji mwaka huohuo. Mwaka 2006 Manila ikaamua kwamba mfanyakazi wake wa ndani haajiriwi nje kwa chini ya dola 400 kwa mwezi, wala wakala hamtozi ada ya kumpatia kazi. Saudi Arabia ilikataa. Mwaka 2011 ikafunga mlango kabisa. Mwaka uliofuata ikaufungua na kukubali kiwango hicho, sawa na riyali 1,500. Sasa muulize dada yeyote wa Kikenya au wa Kiganda aliyefanya kazi Riyadh analipwa kiasi gani: atakutajia riyali 900, labda 1,000, na jirani yake Mfilipino anafua nguo zilezile na kulea watoto walewale. Wengine hudai ni Kiingereza, wengine rangi. Sikatai kwamba vyote vina nafasi yake, ila kubwa zaidi ni kwamba serikali ya mmoja ilikaa mezani ikakubali kupoteza biashara kwa mwaka mzima, na za wengine hazikukubali.

Hali ilikuwa hivyohivyo Kuwait mwaka 2018, baada ya maiti ya mfanyakazi wa ndani kukutwa ndani ya jokofu. Manila ilizuia wafanyakazi kwenda huko mpaka uliposainiwa mkataba unaomruhusu mfanyakazi kuwa na simu yake na kumkataza mwajiri kumnyang'anya pasipoti. Mwaka 2023 mwingine aliuawa nchi hiyohiyo. Mkataba haukuzuia. Anayesema mfumo wa Ufilipino unalinda watu wote anadanganya, na anayesema hakuna tofauti kati ya kuwa nao na kutokuwa nao pia anadanganya.

Kufikia hapo niko upande wa watetezi. Tunapoachana ni kwenye swali ambalo hawaliulizi: huyo aliyepata kazi, kazi ya pili anaijenga juu ya nini?

Zaidi ya watu wanne katika kila kumi wa wale milioni mbili wako kwenye kazi zisizohitaji ujuzi wa darasani. Miongoni mwao wapo walimu wenye leseni na wahitimu wa vyuo vikuu. Hong Kong ndiko jambo hili linakoonekana wazi. Kila Jumapili wanawake hutandika maboksi barabarani katikati ya majengo ya mabenki, hula pamoja, husukana nywele na kufunga mizigo ya kutuma nyumbani. Mkataba ni wa miaka miwili miwili. Ukikatika kabla ya muda, una wiki mbili za kuondoka. Mwanamke mmoja aliyekuwa akifanya kazi za ndani huko tangu 1986 alikwenda mahakamani kudai ukaazi wa kudumu, na mwaka 2013 mahakama ya juu ilimkatalia: miaka ya mfanyakazi wa ndani haihesabiwi kama ukaazi. Amefanya kazi robo karne na bado yuko kwenye kidato alichoanzia.

Basi abaki nyumbani? Nyumbani nako kuna mambo yake. Mtafuta kazi wa kwanza huanza na rundo la makaratasi, likiwemo la ofisi ya upelelezi ya taifa, NBI, ambalo sisi tungeliita cheti cha tabia njema. Ukiitwa Santos, Cruz au Reyes, omba dua, kwa maana jina lako likifanana na la mwenye kesi popote nchini hutapewa karatasi siku hiyo. Utaambiwa urudi baada ya wao kuhakikisha kwamba wewe si yeye. Tangu 2019 kuna sheria inayomsamehe mtafuta kazi wa mara ya kwanza ada za hati hizi. Ni jambo jema.

Akishapata kazi dukani au kiwandani, anakutana na mtego. Sheria inasema muda wa majaribio ni miezi sita, na ukipita mtu ni wa kudumu. Waajiri wengi wakatafuta mwanya: mkataba wa miezi mitano, kisha kwaheri, kisha mwingine wa miezi mitano. Wafilipino wanauita endo. Rodrigo Duterte aliahidi kuufuta alipogombea urais 2016. Mswada ulipofika mezani kwake Julai 2019, akaukataa kwa kura ya turufu. Muuzaji wa dukani wa miaka thelathini anaweza kuwa na maduka kumi kwenye wasifu wake wa kazi na asiwe na siku moja ya ukongwe kazini.

Kimbilio kubwa la ndani ni vituo vya kupokea simu za wateja wa Marekani na kwingineko. Sekta hiyo nzima imeajiri watu milioni 1.8 hivi na huingiza takriban dola bilioni 38 kwa mwaka, zaidi ya zile zinazotumwa na walio nje (ingawa hayo ni mapato ya kampuni, si mishahara). Hawang'ang'anii digrii. Wanataka Kiingereza kinachoteleza na mtu anayeweza kuamka jioni. Unalala nyumbani kwako na mtoto anakujua. Ngazi ipo, ila ni fupi: mpokea simu, mkaguzi wa ubora, kiongozi wa timu, kisha vidato vinaadimika. Na sasa mashine zimeanza kujibu yale maswali mepesi ambayo wageni wa kazi walijifunzia.

Wauguzi wao wana taaluma kamili, na bado. Sheria ya 2002 ilitaja daraja la mshahara la kuanzia kwa muuguzi wa serikali. Fedha za kuitekeleza zilikuja 2020, baada ya kesi kufika Mahakama ya Juu. Katika mwaka huohuo, kwa sababu ya korona, serikali ikawazuia wauguzi kuondoka na baadaye ikaweka kikomo cha 5,000 kwa mwaka. Nchi iliyosubiri miaka 18 kuwalipa ilihitaji miezi michache tu kuwafungia mlango.

Ndiyo maana nilisema mabaharia wana bahati. Yule tarishi wa Kalaw akishapata meli, kila mwezi baharini unaandikwa kwenye kitabu chake na kuhesabiwa kuelekea cheti kinachofuata: ofisa wa tatu, wa pili, wa kwanza, nahodha. Cheti kinatambulika Rotterdam kama kinavyotambulika Manila. Umoja wa Ulaya ulipotishia kutovitambua vyeti vya Ufilipino kwa sababu ya kasoro za mafunzo, serikali ilihangaika mpaka vikaendelea kutambuliwa, Machi 2023. Kazi ya ndani haina kitabu cha namna hiyo. Hakuna anayeandika kwamba fulani amelea watoto wanne na kumuuguza mzee wa kiharusi kwa miaka tisa.

Kwa hiyo viongozi wetu wakitaka kuiga, ningependa waige ule msimamo wa 2011 mbele ya Saudi Arabia, na wawatazame mabaharia kabla ya kuwatazama wafanyakazi wa ndani. Sina hakika kama ndicho wanachokiwaza. Wanaposimulia habari za Manila huishia kwenye mabilioni.

Manila yenyewe inajua tatizo liko wapi. Serikali ina mpango wa kuwarudisha darasani walimu wenye leseni waliokwenda kufanya kazi za ndani nje. Leseni iliyolala muda mrefu humlazimu mwenyewe asome tena kidogo kabla ya kupangiwa shule. Mpango huo unaitwa "Sa Pinas, Ikaw ang Ma'am/Sir", yaani: huku Ufilipino, madamu ni wewe.