Robo saa na mnywaji: mhudumu wa afya wa kitongoji aongezewe na kazi hii?

Tarehe 31 Januari 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 ndani ya miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa, kila mmoja akipitia kwanza mafunzo ya miezi sita. Idadi kama hiyo haikosi wachumba. Watu wa malaria wanawataka, watu wa lishe wanawataka, wa chanjo, wa uzazi wa mpango, wa kifua kikuu, wa Ukimwi. Sasa wanasikika pia wanaotaka wahudumu hao wafundishwe kutoa ushauri mfupi kwa wateja wanaokunywa pombe kupita kiasi. Naliunga mkono wazo hilo, ila kwa masharti ambayo sidhani yatawafurahisha wanaopenda kuhesabu waliofunzwa.

Ushauri mfupi si unasihi wa vikao vingi, wala si mkutano wa hadhara. Ni mazungumzo ya dakika 5 hadi 30. Mhudumu anamuuliza mtu maswali machache kuhusu unywaji wake, anamweleza majibu hayo yanaonyesha nini, anamsikiliza anavyoiona faida na hasara ya pombe maishani mwake, kisha wanakubaliana hatua moja ambayo mwenyewe amesema anaiweza. Njia hiyo hutumika pia kwa tumbaku na dawa za kulevya. Hapa nabaki na pombe, maana ndiyo iliyochunguzwa zaidi na ndiyo inayobishaniwa zaidi.

Wanaounga mkono wana hoja ambayo ni vigumu kuipinga. Mnywaji haendi zahanati akasema amekuja kwa ajili ya pombe. Anaenda baada ya kuanguka na bodaboda, au kwa sababu ya presha, au haendi kabisa. Daktari wa afya ya akili yuko mbali, na nauli ya kumfikia ni ya kukopa. Mhudumu wa kitongoji anapita nyumbani kwake hata hivyo, kupima mtoto au kumfuatilia mjamzito. Kwa nini asiulize na hili?

Kwamba mazungumzo haya yanaweza kuendeshwa kwa Kiswahili chetu, Moshi wameshaonyesha. Katika idara ya dharura ya hospitali ya KCMC, watafiti wa hapo na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani waliandaa ushauri mfupi wakauita Punguza Pombe Kwa Afya Yako, unaotolewa na wauguzi kwa majeruhi ambao unywaji wao ni wa hatari. Jina lenyewe lina busara. Kilimanjaro mbege, pombe ya ndizi, ipo kwenye posa, kwenye harusi na kwenye msiba, na atakayeanza na neno "acha" atajibiwa kwa heshima, kisha hatasikilizwa. Ila tusisahau mazungumzo hayo yanafanyikia wapi. Mtu yuko kitandani, mguu umefungwa plasta, swali la pombe limeshajiuliza lenyewe kabla muuguzi hajafungua mdomo. Mhudumu wa kitongoji anamkuta mtu yuleyule akiwa mzima, anapalilia migomba yake, na hajamwomba mtu ushauri.

Kuhusu watu wasio na taaluma ya tiba, ushahidi ulio karibu zaidi na hali yetu ni wa Goa, India, uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Lancet. Wanaume 377 waliokuwa wakinywa kwa kiwango cha kudhuru waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Jingine liliongezewa kikao kimoja hadi vinne na washauri wa kawaida waliofunzwa kwa kazi hiyo. Baada ya miezi mitatu, asilimia 36 ya waliopata ushauri walikuwa wametoka kwenye unywaji wa kudhuru, dhidi ya asilimia 26 ya wenzao. Wasiokunywa kabisa katika wiki mbili zilizotangulia walikuwa asilimia 42 dhidi ya 18. Hiyo si tofauti ya kubeza. Lakini utafiti huohuo haukuona tofauti katika ukatili dhidi ya wake, wala katika siku ambazo mtu alishindwa kufanya kazi, wala katika kiasi walichokunywa wale walioendelea kunywa. Mara nyingi nusu hii ya pili ya matokeo haifiki kwenye maandiko ya kuombea fedha.

Mfano mwingine unaopendwa sana ni Friendship Bench ya Zimbabwe, ambapo akina bibi waliofunzwa humsikiliza mtu mwenye msongo wakiwa wameketi naye benchini. Ilianza Mbare, Harare, mwaka 2006 na akina bibi 14. Jaribio lake la mwaka 2016, lenye watu 573, lilitoa matokeo ya kushangaza: baada ya miezi sita wenye dalili za sonona walikuwa kama 14 kwa kila 100 waliokaa benchini, na 50 kwa kila 100 wa kundi la kulinganisha. Sina ubishi na namba hizo. Nina ubishi na wanaozitumia kutetea robo saa. Benchi lile lina vikao sita, linashughulikia msongo na sonona, na anayeketi pale kukusikiliza ana umri wa mama yako mzazi. Huo ni ushauri wa namna nyingine.

Sasa wenye shaka. Mwaka 2018 mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua kwa pamoja tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 69 zenye watu zaidi ya 33,000, nyingi zikiwa za nchi tajiri na za kliniki. Zilipopimwa pamoja zile zilizoweza kulinganishwa, waliopata ushauri mfupi walikuwa, mwaka mmoja baadaye, wakinywa pungufu ya wenzao kwa takriban gramu 20 za kilevi kwa wiki. Piga hesabu: chupa ya bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina karibu gramu hizohizo 20. Bia moja kwa wiki. Kwa anayekunywa bia 30, hilo ni tone. Kwa taifa zima, bia moja kwa kila mnywaji wa hatari ni ajali kadhaa ambazo hazikutokea. Pande zote mbili zinasoma namba moja, na kila upande una haki yake.

Gumu zaidi ni utafiti wa Uingereza uliotoka katika jarida la tiba la BMJ mwaka 2013. Kundi la kwanza liliambiwa tu matokeo ya maswali yao na kupewa kijikaratasi. La pili liliongezewa ushauri wa dakika 5, la tatu mazungumzo ya dakika 20. Mwisho wa safari makundi hayakupishana kwa kiasi cha maana. Afrika Kusini nako, jaribio kwa wagonjwa wa kifua kikuu lilikuta ushauri mfupi haukushinda kijikaratasi cha elimu ya afya. Mwenye shaka atasema: basi chapisheni vijikaratasi, mwacheni mhudumu apumzike. Mimi nayasoma kwa namna nyingine kidogo. Katika utafiti ule wa Uingereza hakuna aliyeachwa bila kuulizwa. Huenda kuulizwa kwenyewe, na mtu asiyekusema, ndiyo sehemu kubwa ya dawa. Kama ni hivyo, kazi ya mhudumu inaweza kuwa nyepesi kuliko inavyopangwa: maswali matatu yaulizwe vizuri na majibu yarudishwe kwa mhusika bila maneno mengi.

Kuuliza vizuri ndiko kwenye shughuli. Dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani, la kupima unywaji wa mtu, lina maswali 10 na alama kuanzia 0 hadi 40. Kuanzia 8 hadi 15 mtu anapewa ushauri rahisi, 16 hadi 19 mazungumzo ya kina kidogo, 20 na kuendelea anapelekwa kwa mtaalamu. Utaona kwamba ushauri mfupi ni wa watu wa katikati: fundi anayekunywa sana Ijumaa na Jumamosi, mwalimu anayepitia baa kila jioni lakini asubuhi yuko darasani. Kitongoji hakiwaiti hao walevi. Mlevi wa kitongoji anajulikana, na mhudumu aliyetumwa kutafuta wateja ataanza na yeye, kwa nia njema kabisa. Huyo ndiye asiyesaidiwa na robo saa. Tena anaweza kuumizwa. Mwili uliozoea pombe kila siku, ukinyimwa ghafla, huweza kuleta degedege na kuweweseka, na kuna wanaokufa kwa hilo. Mhudumu akimwambia aache leo leo, naye kwa aibu akatii, tumemtengenezea dharura nyumbani kwake. Mafunzo yoyote yasiyoanza na jambo hili yasifanyike.

Halafu kuna vipimo. Dodoso linauliza vinywaji vingapi. Kata moja ya kunywea mbege ni vinywaji vingapi? Na ile glasi ndogo ya gongo, ambayo nguvu yake anaijua aliyeipika peke yake? Mjini kwenye chupa zenye lebo hesabu inakwenda. Kijijini mhudumu atajaza namba ya kukisia, na mfumo wa takwimu kwenye simu utaipokea kama namba nyingine yoyote.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote, kwa maoni yangu, kimo katika kazi ambayo wahudumu tayari wanaijua. Wamefundishwa kutoa elimu, na wanaitoa vizuri. "Baba Juma, pombe inaharibu ini, inakula ada ya watoto, jitahidi uache." Baba Juma anaitikia, rejista inajazwa. Ushauri mfupi unakwenda kinyume chake. "Shikamoo Baba Juma. Umesema wiki iliyopita ulikunywa siku nne. Wewe mwenyewe unaionaje?" Kisha unyamaze. Kwa binti wa miaka 25 aliye mbele ya mwanaume wa umri wa baba yake, kuuliza hivyo na kunyamaza ni vigumu kuliko kukariri madhara kumi ya pombe. Ujuzi huu haukai kwa semina. William Miller, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeyaeleza mazungumzo ya namna hii kwa mara ya kwanza mwaka 1983, aliwafuatilia pamoja na wenzake wataalamu waliohudhuria warsha, na mwaka 2004 wakaandika kwamba warsha peke yake haikutosha. Waliodumisha ujuzi ni waliorudishiwa tathmini ya mazungumzo yao au kuwa na mtu wa kuwaelekeza baadaye. Hao walikuwa na taaluma tayari. Goa walilijua hilo, ndiyo maana washauri wao walikutana mara kwa mara, wakasikiliza mazungumzo yaliyorekodiwa na kupeana alama wao kwa wao. Siku tano za ukumbini na cheti zisingewafikisha kwenye zile asilimia 36.

Lipo pia suala la ujirani, ambalo linasifiwa mno. Mhudumu anaaminika kwa sababu ni wa hapo, kweli. Lakini siri ya pombe ni tofauti na uzito wa mtoto. Mke anasikiliza kutoka jikoni, na swali moja likiulizwa vibaya mbele yake linaweza kuishia kwenye kipigo mhudumu akishaondoka. Na nani anapika pombe ya kitongoji? Mara nyingi ni mama mjane anayelipia ada kwa mapipa mawili, pengine ni shangazi wa mhudumu, pengine ni mhudumu mwenyewe kabla hajapata kazi hii. Miongozo huliita jambo hili usiri na kulimaliza kwa sentensi moja.

Kuhusu mzigo sina la kuongeza sana. Kenya, ilipozindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 mnamo Septemba 2023, ilimpa kila mmoja takriban kaya 100 na posho ya shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Kwa malipo hayo kila somo jipya linamega muda wa somo la zamani.

Wapo wanaoukataa mpango mzima kwa hoja ya sera. Tanzania ilipopiga marufuku viroba, yaani pombe kali ya vipakiti, kuanzia Machi 2017, wanasema, pombe kali ya bei ya mfukoni iliondolewa kwenye maduka ya nchi nzima bila mhudumu hata mmoja kugonga mlango. Kodi, leseni na saa za kufungua baa hufika mbali kuliko mazungumzo. Ni kweli, na mwenye kiwanda cha bia hufurahi kuona tatizo likigeuzwa kuwa la Baba Juma peke yake. Lakini kodi haiifikii gongo ya porini, na Shirika la Afya Duniani lenyewe, katika mpango wake wa SAFER wa mwaka 2018 wa kupunguza madhara ya pombe, limeweka ushauri mfupi pamoja na bei na udhibiti katika hatua zilezile tano. Sioni sababu ya kuchagua kimoja.

Ningeanza padogo. Si wahudumu wote. Wachache kwa kila kata, watu wazima zaidi, waliojitolea kwa hili. Wateja wa kwanza wawe wale ambao mhudumu tayari ana sababu ya kuzungumza nao juu ya mwili wao, hasa wanaotumia dawa za kifua kikuu au za Ukimwi na wanaozikatiza, hata kama matokeo ya Afrika Kusini yananionya nisitegemee miujiza. Wapewe maswali matatu, si kumi. Pawepo kituo kinachojulikana kwa jina cha kumpeleka mwenye alama 20, chenye dawa za kumtuliza wakati mwili unaachana na pombe, na pasipokuwepo kituo hicho mafunzo yasubiri. Kila mwezi wakutane na muuguzi wa zahanati, kila mmoja akiwa na mazungumzo mawili ya kusimulia, likiwemo moja lililoharibika. Hilo lina gharama, kwa sababu muuguzi huyo naye ana foleni mlangoni. Bajeti ambayo ningeiwekea saini ni ile ambayo fungu la usimamizi wa mwaka mzima ni kubwa kuliko fungu la ukumbi, chai na posho za siku tano.